Mkao na Utulizaji wa Mgonjwa katika Tiba ya Saratani kwa Miale ya Chembe: Ufafanuzi kwa Kurejelea Mgonjwa wa Sirari, Mkoa wa Mara

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mgonjwa wa saratani anavyowekwa katika mkao maalumu na kutulizwa asitikisike wakati wa tiba ya miale ya chembe, yaani protoni na ayoni za kaboni, na sababu zinazoifanya kazi hiyo kuwa nzito kuliko ilivyo katika tiba ya fotoni. Kwa kuwa Afrika Mashariki haina kituo cha tiba ya aina hiyo, ufafanuzi umeegemezwa kwenye mifano miwili iliyo karibu: tiba mionzi anayoifuata mgonjwa wa Sirari jijini Mwanza au Dar es Salaam, na huduma ya protoni iliyokuwa ikitolewa Faure, Afrika Kusini. Hoja inayojengwa ni kwamba utulizaji si kifaa, bali ni ulinganifu kati ya mwili uliopigwa picha siku ya upangaji na mwili unaolazwa kitandani kila siku ya tiba. Kwa mgonjwa anayetoka mbali, ulinganifu huo huweza kuvunjwa na kukonda, maumivu, lugha na umbali kabla hata ubora wa barakoa haujaingia katika hesabu.

1.0 Utangulizi

Sirari ni mji wa mpakani katika Wilaya ya Tarime. Barabara kuu itokayo Mwanza hupita Magu, Bunda, daraja la Kirumi na Tarime, ikaishia hapo; ng'ambo ya mpaka ni Isebania, Kenya. Mkazi wa mji huu anapogunduliwa kuwa na saratani inayohitaji mionzi, safari yake ya kawaida ni kuifuata barabara hiyo takriban kilomita 300 hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, ambako huduma ya tiba mionzi ilianzishwa kwa mashine ya kobalti-60. Wengine hupelekwa mbali zaidi, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Taasisi hiyo ipo katika hospitali iliyojengwa na Wajerumani na kufunguliwa mwaka 1897. Ilipewa hadhi ya taasisi kwa sheria mwaka 1996, na mwaka 2018 ilianza kutumia mashine za LINAC. Njia ya tatu ni kuvuka mpaka na kutafuta tiba Kenya.

Hakuna hata moja kati ya njia hizo inayomfikisha mgonjwa kwenye mwale wa protoni. Vituo vya protoni na ayoni za kaboni duniani vimezidi 100, lakini Afrika Mashariki haina hata kimoja. Huenda ikaulizwa basi kuna haja gani ya kulijadili suala hili kwa kumrejelea mgonjwa wa Sirari. Haja ipo. Mwale wa chembe huadhibu waziwazi kila udhaifu wa mkao ambao mwale wa fotoni huusamehe kwa sehemu. Kwa kuuchunguza mkao pale unapodaiwa kwa ukali zaidi, hubainika mambo ambayo hata mashine ya kobalti ya Mwanza inayahitaji, ingawa gharama ya kuyakosa huko haionekani upesi.

2.0 Kuhusu istilahi

Uwanja huu bado hauna istilahi za Kiswahili zilizokwisha kukubaliwa na wote, hivyo baadhi ya maneno yanahitaji kuwekwa bayana. "Mkao" katika makala haya ni namna mwili mzima ulivyolazwa au kuketishwa kuhusiana na mwale: pembe ya shingo, mahali pa mabega, urefu wa mikono, kukunjwa kwa magoti. "Utulizaji" ni jumla ya hatua zinazoufanya mkao huo udumu ndani ya kipindi kimoja cha tiba na urudiwe uleule katika vipindi vinavyofuata. Maana hizi mbili ni lazima zitenganishwe. Mgonjwa anaweza kutulia kabisa kwa dakika ishirini akiwa katika mkao usio wake. Hapo ametulizwa vizuri mahali pabaya.

Neno "kufunga", ambalo lingekuwa jepesi zaidi, limeepukwa kwa makusudi. Katika jamii ya wafugaji, kama ilivyo Tarime, anayefungwa ni ng'ombe anayetaka kukimbia au mtu aliyekosa. Mgonjwa anayeambiwa kwamba atafungwa kichwa kwenye meza huku wahudumu wakitoka nje na kufunga mlango mzito amekwisha kupewa sababu ya kukakamaza misuli ya shingo. Suala hili linaonekana kuwa la lugha tu, lakini misuli iliyokakamaa siku ya kwanza na kulegea siku ya kumi hubadilisha mkao kwa milimita ambazo mwale wa protoni huzihesabu.

3.0 Fotoni hupita, protoni husimama

Tofauti ya msingi kati ya miale hii miwili ni tabia yake ndani ya mwili. Fotoni za kobalti-60 zina nishati ya wastani wa MeV 1.25. Dozi yake hufikia kilele takriban nusu sentimita chini ya ngozi, kisha hupungua taratibu, kwa makadirio ya asilimia 5 kwa kila sentimita, hadi zitokee upande wa pili. Ikiwa mgonjwa amekonda na unene wa tishu mbele ya uvimbe umepungua kwa sentimita moja, dozi inayoufikia uvimbe huongezeka kwa kiasi kama hicho. Kosa hilo si dogo, lakini uvimbe bado umo ndani ya mwale.

Protoni huenda kwa kanuni nyingine. Protoni yenye nishati ya MeV 150 husafiri takriban sentimita 16 ndani ya maji, hutoa sehemu kubwa ya nishati yake katika milimita chache za mwisho, kisha husimama. Kilele hicho cha mwisho hujulikana kwa jina la William Bragg, aliyekibainisha mwaka 1904 alipokuwa akichunguza chembe za alfa. Mwaka 1946 mwanafizikia Robert Wilson alipendekeza kitumike kutibu, na mwaka 1954 mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa protoni huko Berkeley, Marekani. Baada ya kilele hicho hakuna dozi ya kutajwa. Hapo ndipo penye neema ya protoni, na hapohapo ndipo penye hatari yake: sentimita moja ya tishu iliyopungua njiani huusogeza mwisho wa mwale sentimita moja mbele, na kama nyuma ya uvimbe kuna shina la ubongo, litapokea dozi iliyokusudiwa kuua saratani. Sentimita moja ikiongezeka, sehemu ya nyuma ya uvimbe huachwa bila dozi kabisa.

Waasisi wa Berkeley walilijua hilo. Katika tiba zao za mwanzo hawakutumia kilele cha Bragg. Waliipitisha miale kichwani moja kwa moja kutoka pande nyingi ili ikutane kwenye tezi ya pituitari. Walichagua kichwa kwa sababu fuvu linaweza kushikwa lisitikisike na mifupa yake huonekana vizuri kwa eksirei. Kwa maneno mengine, uwezo wa kumtuliza mgonjwa ndio ulioamua ni ugonjwa gani utibiwe kwanza.

Kwa kuwa hakuna mkao usio na kosa, mpangaji wa tiba huuzungushia uvimbe ukingo wa tahadhari. Gharama ya ukingo huo hueleweka kwa hesabu nyepesi. Uvimbe wa mviringo wenye kipenyo cha sentimita 4 una ujazo wa takriban sentimita za ujazo 34. Ukiongezewa ukingo wa milimita 5 kila upande, eneo linalopigwa mionzi hufikia 65. Ukingo ukiwa sentimita 1, hufikia 113. Ongezeko lote hilo ni tishu zenye afya. Kila milimita inayookolewa kwa mkao bora ni nyama ya mgonjwa isiyoungua, na hii ndiyo maana ya kitabibu ya kazi ambayo mara nyingi huchukuliwa kuwa ya fundi wa vifaa tu.

Katika tiba ya protoni, hata ukingo huo hautoshi kwa namna ulivyozoeleka, kwa sababu kosa la kando na kosa la kina hayafanani. Kipimo cha CT hakitabiri kikamilifu ni wapi protoni itasimama. Vituo vingi hutenga takriban asilimia 3.5 ya kina, pamoja na milimita chache za ziada, kwa ajili ya shaka hiyo pekee. Kwa uvimbe ulio sentimita 20 ndani ya mwili, asilimia hiyo ni milimita 7, kabla ya kuhesabu mtikisiko wowote wa mgonjwa. Ndiyo maana wapangaji wa protoni huujaribu mpango wao dhidi ya mikao kadhaa yenye makosa na kuuchagua ule unaostahimili, badala ya kutegemea ukingo mmoja.

Ni muhimu pia kutofautisha kosa la kudumu na kosa la nasibu. Mgonjwa anayesogea milimita 3 leo kushoto na kesho kulia hutandaza dozi kingoni mwa uvimbe. Yule ambaye barakoa yake ilitengenezwa akiwa amenyanyua kidevu kwa hofu, kisha akakishusha katika siku zote thelathini zilizofuata, hukosewa mahali palepale mara thelathini. Kosa la pili ni baya zaidi kwa mbali, na chanzo chake huwa ni siku moja: siku ya upangaji.

4.0 Vifaa na mipaka yake

Kifaa kinachotambulika zaidi ni barakoa ya plastiki inayolainika kwa joto. Bamba lenye unene wa milimita 2 au 3 huzamishwa katika maji ya nyuzi joto takriban 65 hadi 70 za Selsiasi, hulainika, huvutwa juu ya uso na kushikizwa kwenye kibao kilicho chini ya kichwa. Baada ya dakika chache hupoa na kuwa gumu, likiwa limechukua umbo la paji, pua na kidevu. Mgonjwa hupumua kupitia matundu yake. Kwa kiwiliwili hutumika mfuko wenye chembechembe nyepesi za plastiki ambao, hewa ikifyonzwa, huganda katika umbo la mgongo na nyonga. Kibao na mfuko hujipachika kwenye kitanda kwa alama zenye namba, ili kesho virudi mahali pa leo. Kitanda chenyewe huwa cha nyuzi za kaboni, imara na chepesi kupenyeka.

Katika tiba ya fotoni, vifaa hivi husababisha tatizo moja linalojulikana: barakoa husogeza kilele cha dozi kuelekea ngozi, hivyo uso huungua zaidi. Katika tiba ya chembe, kila kitu kinachokatiza njia ya mwale huwa sehemu ya mwili wa mgonjwa. Unene wa barakoa, mto wa kichwa, ukingo wa kitanda, vyote hula sehemu ya kina cha protoni na lazima vihesabiwe. Kwa sababu hiyo mwale hauruhusiwi kupita kwenye ncha ya kibao, ambapo milimita mbili za kusogea kando huweza kuufanya mwale upite hewani badala ya ndani ya plastiki nzito. Vifaa vikubwa vina kasoro nyingine: hulazimisha mdomo wa mashine ukae mbali na ngozi, na kadiri pengo la hewa linavyopanuka ndivyo mwale wa protoni unavyotawanyika na kupoteza ukali wa kingo zake.

Jambo hili linagusa desturi ya kuokoa gharama. Plastiki ya barakoa huweza kulainishwa upya ikatumika kwa mgonjwa mwingine. Kwa mashine ya kobalti, uamuzi huo unaweza kutetewa mahali ambapo kila bamba huagizwa kutoka nje. Hata hivyo, bamba lililovutwa mara mbili au tatu halina tena unene mmoja, na kwa protoni unene usiojulikana ni kina kisichojulikana.

Nywele nazo ni sehemu ya mkao. Barakoa iliyovutwa juu ya nywele zilizosukwa haitakaa sawa wiki ya tatu, baada ya mgonjwa kuzifumua au kuzinyoa, au baada ya kunyonyoka kwa mionzi yenyewe. Katika eneo la Wakurya kuna jambo mahususi zaidi. Miongoni mwa wazee wapo waliotogwa masikio na kupanuliwa ndewe kwa desturi ya zamani. Ndewe iliyolegea hukunjika chini ya barakoa kwa namna tofauti kila siku, na mwale wa chembe unaoingia kutoka ubavuni mwa kichwa ungekutana leo na tabaka moja la ngozi, kesho matabaka mawili. Suluhisho ni rahisi, kulikunja sikio kwa namna moja na kulishikiza kwa utepe kabla ya kipimo cha CT, lakini ni sharti mtu awe amelifikiria.

Hali ni hiyohiyo kwa alama za ngozi. Katika utaratibu uliozoeleka, nukta ndogo za wino huchomwa kwenye ngozi ili mistari ya leza ya chumbani iangukie juu yake. Utaratibu huo uliwafikiria watu weupe. Kwenye ngozi nyeusi nukta ya wino mweusi hupotea. Alama za kalamu huonekana zaidi lakini hufutika kwa jasho na kuoga, na mgonjwa anayezipaka upya mwenyewe kwa nia njema huweza kuzihamisha.

Vituo vya chembe havitegemei alama hizo peke yake. Kila siku, kabla ya tiba, hupigwa picha mbili za eksirei kutoka pande zenye pembe mraba, au picha ya CT mlemle chumbani, zikalinganishwa na picha ya upangaji, kisha kitanda cha roboti hurekebisha tofauti kwa kusogea pande tatu na kuzunguka pande tatu. Mzunguko si jambo la kupuuza: nyuzi moja tu ya kupinda husogeza sehemu iliyo sentimita 10 kutoka kitovu cha mwale kwa karibu milimita 1.7. Hata hivyo, roboti ana kikomo ambacho wauzaji wa mashine hawakitaji sana. Anaweza kumhamisha mgonjwa mzima. Hawezi kuinyoosha shingo iliyojikunja ndani ya barakoa iliyolegea, wala kuondoa kamasi zilizojaa katika uwazi wa mifupa ya uso uliokuwa na hewa siku ya upangaji, wala kujaza kibofu ambacho mgonjwa amekimwaga kwa kuchoka kusubiri. Mfupa unaweza kulingana kikamilifu na kina kikawa kimekosewa.

5.0 Faure: mkao kama mbadala wa mashine

Bara la Afrika limewahi kuwa na huduma ya protoni. Katika kituo cha utafiti cha Faure, karibu na Cape Town, ambacho sasa kinaitwa iThemba LABS, wagonjwa walianza kutibiwa kwa protoni za MeV 200 mwaka 1993. Huduma hiyo haitolewi tena, lakini namna ilivyolitatua suala la mkao inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko inavyofanyika katika maandiko mengi ya sasa.

Kituo hicho hakikuwa na chombo cha kuzungusha mwale kumzunguka mgonjwa. Kilikuwa na mwale mmoja tu, wa mlalo, usiogeuka. Kwa hiyo aliyepaswa kugeuzwa ni mgonjwa. Wagonjwa, waliotibiwa hasa uvimbe na kasoro za ndani ya kichwa, waliwekwa kwenye kiti kinachoendeshwa kwa mota na kuvishwa barakoa ya plastiki iliyobandikwa vialama vinavyoakisi mwanga. Kamera za video ziliviangalia vialama hivyo kutoka pande kadhaa, na kompyuta ikakokotoa, kwa mbinu zilezile za wapima ardhi wanaotumia picha, mahali kichwa kilipo katika chumba. Kwa kuwa vialama hivyo vilionekana pia katika kipimo cha CT, uhusiano wake na uvimbe ulijulikana. Kiti kilisogezwa hadi kichwa kikafika panapotakiwa, na kamera ziliendelea kutazama wakati mwale ukiwa umewashwa.

Wazo hilo lina thamani ya kiuchumi. Chombo cha kuzungusha mwale wa ayoni za kaboni huko Heidelberg, Ujerumani, kina uzito wa tani 670. Jengo la kukibeba, na umeme wa kukiendesha, si mambo ya kupangwa katika bajeti ya hospitali ya kanda. Kumzungusha mgonjwa aliyeketi badala ya kuzungusha tani mamia ya chuma huondoa sehemu kubwa ya gharama hiyo, na si ajabu kwamba katika miaka ya karibuni wazo la kutibu kwa kuketi limerudi hata katika nchi tajiri. Lakini gharama haitoweki. Huhamia kwenye mkao. Fuvu halibadiliki umbo kati ya kulala na kuketi, ilhali ini, matiti, mapafu na tumbo hushuka. Anayetaka kutibu viungo hivyo kwa kiti analazimika kuwa na kipimo cha CT cha mtu aliyeketi. Aidha, mgonjwa aliyedhoofika hawezi kuketi wima kwa nusu saa bila kuteleza chini polepole, na mtelezo huo wa polepole ni hatari kuliko mshtuko, kwa kuwa hakuna anayeuona kwa jicho.

Katika tiba ya jicho kwa protoni, iliyoanza katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1975, utulizaji hufikia hatua ya kipekee. Kichwa hushikwa kwa barakoa na kipande cha kung'ata, vibanzi vidogo vya tantalamu vilivyoshonwa nyuma ya jicho huonyesha mahali pa uvimbe kwenye eksirei, lakini jicho lenyewe haliwezi kushikwa na kifaa chochote. Mgonjwa huelekezwa kukitazama kitaa kidogo bila kupepesa macho pembeni. Kifaa cha utulizaji hapo ni utashi wa mgonjwa, na utashi hauwezi kuelekezwa kwa lugha asiyoielewa.

6.0 Mgonjwa wa Sirari kitandani

Chukuliwe kwa mfano tu mgonjwa wa saratani ya koo kutoka Sirari aliyepangiwa vipindi 35, siku tano kwa wiki, kwa wiki saba. Hawezi kwenda na kurudi. Ni lazima akae Mwanza. Siku ya kwanza anapovishwa barakoa, inakaa sawasawa. Kuanzia wiki ya tatu kumeza kunauma, chakula kinapungua, mashavu na shingo vinakonda. Barakoa haikondi. Kufikia wiki ya tano kichwa kinaweza kuzunguka ndani yake bila kuigusa, huku kwa nje kila kifungo kikiwa kimebana kama siku ya kwanza. Mtaalamu wa tiba mionzi akitazama vifungo ataridhika. Katika tiba ya fotoni matokeo yake ni dozi iliyosogea. Katika tiba ya protoni tishu zilizopungua zingeusogeza pia mwisho wa mwale ndani zaidi, kuelekea uti wa mgongo. Kinga ya kwanza dhidi ya hali hiyo ni chakula laini, dawa ya maumivu inayotolewa kabla ya kulazwa kitandani, na mizani. Ukali wa leza haumsaidii.

Mashine ya kobalti inaongeza sharti lake. Nguvu ya chanzo cha kobalti-60 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5.27, sawa na karibu asilimia 1 kila mwezi. Dozi iliyohitaji dakika 3 chanzo kilipokuwa kipya huhitaji dakika 6 chanzo kikizeeka. Kwa hiyo mgonjwa anayetibiwa mwishoni mwa maisha ya chanzo hudaiwa utulivu mara mbili ya yule wa mwanzo, kwa kifaa kilekile na ugonjwa uleule. Kuchelewa kubadili chanzo huzungumzwa kwa kawaida kama suala la foleni ndefu. Ni suala la mkao pia.

Kuna lugha. Maelekezo ya chumba cha tiba ni machache, lakini kila neno lina uzito: usimeze mate sasa, pumua kama kawaida, legeza mabega, kibofu kiwe kimejaa. Bibi wa Kikurya asiyezungumza Kiswahili kwa ufasaha ataitikia kwa heshima, akibaki hajui kama alitakiwa kubana pumzi au kuiachia. Mkalimani hawezi kukaa chumbani mwale ukiwashwa. Kinachowezekana ni kufanya zoezi zima siku iliyotangulia bila mionzi, ndugu aliyemsindikiza akiwapo, hadi ifahamike kwamba maelekezo yameeleweka. Zoezi hilo halihitaji mashine. Linahitaji dakika kumi na tano za mtu mwenye subira.

Mtoto mdogo ni suala zito zaidi. Kwa uvimbe wa ubongo wa watoto, tiba ya protoni ina sifa njema kuliko ya fotoni, kwa kuwa huziacha salama tishu nyingi zinazoendelea kukua. Lakini mtoto wa miaka mitatu hatulii kwa kuambiwa. Hupewa dawa ya usingizi kila siku ya tiba, pengine mara 30, na kila mara sharti awe hajala kwa saa kadhaa. Mtoto aliyeanza tiba akiwa na utapiamlo hawezi kubeba mfululizo huo bila mpango wa lishe. Ni vigumu kuona namna kituo chochote kitakavyojivunia protoni kwa watoto kikiwa hakina mtoa dawa ya usingizi aliyetengwa kwa kazi hiyo asubuhi zote tano za wiki.

Linalobaki ni kuhama kituo. Barakoa na mpango wa tiba vilivyotengenezwa hospitali moja haviingii kwenye vibao na vitanda vya nyingine. Mwaka 2016, mashine ya kobalti ya Mulago, Kampala, iliyofungwa mwaka 1995, iliharibika kabisa, na Uganda ikabaki bila tiba mionzi ya umma. Katika hali ya namna hiyo mgonjwa aliye katikati ya tiba huhitaji kipimo kipya cha CT, barakoa mpya na mpango mpya popote aendako, na siku zinazopotea njiani uvimbe huzitumia kukua. Mgonjwa wa Sirari aliyeanzia Kenya akaishiwa fedha na kuja Mwanza, au kinyume chake, yumo katika hali hiyohiyo, ijapokuwa hakuna mashine iliyoharibika.

7.0 Kipi kitangulie

Mijadala ya kuleta teknolojia mpya huanza na bei ya mashine. Kwa mantiki iliyofafanuliwa hapo juu, yapo mambo yanayoweza kuanza kupimwa sasa, kwenye kobalti na LINAC zilizopo, ambayo bila hayo mwale wa chembe ungekuwa hatari zaidi ya unaoubadilisha. La kwanza ni kumbukumbu ya kila siku ya milimita ngapi mgonjwa alisogezwa kabla ya kutibiwa, upande upi, na nani alimlaza. Mahali pasipo na picha za kila siku, hata picha moja kwa wiki hutosha kuanza kutenganisha kosa la kudumu na la nasibu. Kituo kikishakuwa na kumbukumbu hizo kinaweza kukokotoa ukingo wa tahadhari unaowafaa wagonjwa wake, badala ya kuazima tarakimu za hospitali ya Ulaya ambayo mgonjwa wake hulala nyumbani kwake kila usiku.

La pili ni uzito wa mgonjwa kila Jumatatu, pamoja na kipimo cha pengo kati ya shavu na barakoa, na kiwango kilichoandikwa ambacho kikifikiwa barakoa mpya hutengenezwa bila kusubiri daktari aulizwe. Hapa ndipo palipo na ugumu wa kweli. Barakoa ya pili inahitaji bamba jipya, kipimo kipya cha CT na nafasi katika ratiba iliyojaa, na mgonjwa amekwisha kulipa, au bima yake imekwisha kulipa, kwa ajili ya barakoa moja. Mpaka sasa maswali ya gharama katika tiba mionzi yameulizwa kuhusu idadi ya vipindi. Bado hayajaulizwa kuhusu idadi ya barakoa.